Gari linazima Kyela lakini Mbeya halina neno

Mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, tunafungua gereji tukiwa na makoti. Magari yaliyolala nje yana umande mzito kwenye kioo, na mengi yanaamka kwa shida. Mteja akiondoka hapo, akapita Tukuyu na kufika Kyela saa saba mchana, anashusha vioo vyote na shati limemganda mgongoni. Injini yake imetoka kwenye baridi ya zaidi ya mita 1,700 ikaingia kwenye joto la kando ya ziwa, siku hiyohiyo, kwenye barabara hiyohiyo. Gari jipya halishtuki kwa hilo. Gari la miaka thelathini huanza kusema yote yaliyoharibika ndani yake, na mara nyingi husema kwa njia moja: sailensi, yaani mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta, inapanda na kushuka, kisha linazima.

Mwalimu mmoja alituletea Corolla AE100 ya mwaka 1994, yenye injini ya 5A-FE. "Fundi, hili gari nikiwa Mbeya halina neno. Nikishuka Kyela, kila nikisimama linanizimia." Alishabadilisha plagi, pampu ya mafuta, na sensa ya temperecha ya maji ya injini mara mbili. Vile vilivyotolewa alikuwa amevihifadhi vyote kwenye mfuko wa plastiki ndani ya buti, na jambo hilo lilitusaidia sana. Naomba kila mteja afanye kama yeye: kifaa kikitolewa kwenye gari lako, kidai uondoke nacho.

Tulizipima sensa zote tatu, mbili za mfukoni na ile iliyofungwa. Sensa hii ina upinzani wa umeme unaopungua kadiri maji yanavyopata moto. Kwenye Toyota za miaka hiyo, kwenye nyuzi 20 mita inatakiwa isome ohm 2,000 hadi 3,000, na kwenye nyuzi 80 isome kati ya 200 na 400. Zote tatu zilikuwa nzima, hata ile ya kwanza kabisa iliyokuja na gari kutoka Japani. Kwa hiyo mwalimu alinunua sensa mbili bila sababu yoyote.

Basi tukatoka na gari mpaka Igawilo na kurudi, mwendo wa kawaida. Tulipofika getini tukachomoa soketi ya sensa iliyofungwa, mita ikasoma ohm 600. Hizo ni kama nyuzi 60. Injini imetembea nusu saa na bado haijapata moto wake. Sensa ilikuwa inasema kweli, na kompyuta ya injini ilikuwa inatii: injini ni ya baridi, ongeza mafuta, ongeza hewa.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu ukishaelewa hili utaelewa nusu ya matatizo ya sailensi. Petroli haigeuki mvuke vizuri ikikutana na chuma cha baridi. Injini ikiwa baridi, kompyuta inamwaga mafuta zaidi na valvu ya sailensi inafungua hewa zaidi, ndiyo maana asubuhi injini inazunguka kwa kasi, mara 1,300 au 1,500 kwa dakika. Maji yakipata moto, mafuta yanapunguzwa na hewa inabanwa mpaka mshale wa mizunguko unatulia kwenye 750 au 800. Kazi yote hiyo inategemea taarifa ya joto. Na tafadhali usiuamini sana mshale wa temperecha kwenye dashibodi. Ule una sensa yake nyingine, yenye waya mmoja. Ya kompyuta ina waya mbili. Mshale unaweza kukaa pazuri huku kompyuta inadanganywa, au kinyume chake.

Tulipofungua nyumba ya themostati ya gari la mwalimu, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ndani palikuwa patupu. Themostati ilishatolewa.

Nilimuuliza lini gari lilichemsha. Akakumbuka: mwaka uliopita, akipanda kutoka Kyela kurudi Tukuyu, na magunia mawili ya mchele nyuma. Fundi aliyemsaidia njiani alitoa themostati "ili maji yapite vizuri", na kweli halikuchemsha tena. Lakini kuanzia hapo injini haikupata moto kamili hapa Mbeya. Sailensi ikabaki juu, plagi zikawa nyeusi kama mkaa, mafuta yakaliwa. Mtu mwingine, akitaka kuituliza ile sailensi ya juu, akakaza skrubu ya hewa ya sailensi mpaka mshale ukashuka kwenye 800. Hapo ndipo ugonjwa wa Kyela ulipozaliwa. Hapa juu, injini ya baridi yenye hewa ya ziada na skrubu iliyobanwa ilionekana imetulia. Kule chini, kwenye joto na foleni, hata bila themostati injini ilifika nyuzi 80 na zaidi, kompyuta ikaondoa hewa ya ziada kama inavyopaswa, na skrubu ilikuwa imeshabanwa. Hakuna hewa iliyobaki. Gari linazima.

Ukiangalia, kila fundi alitibu kilichoonekana siku ile, na kila tiba ikaacha ugonjwa wake. Siwalaumu kwa nia yao. Ila kutoa themostati kwenye gari la sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta ni kosa, na nitalisema mbele ya fundi yeyote hata kama ana mvi kuliko mimi.

Sasa, kwa nini lilichemsha ile mara ya kwanza? Ni kifuniko cha rejeta. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka, na watu hawakidhanii kwa sababu ni kidogo na cha bei ndogo. Maji yaliyo wazi hapa Uyole hayasubiri nyuzi 100, yanachemka kwenye 94 hivi, kwa sababu ya mwinuko. Feni ya gari hili nayo huanza kuzunguka karibu na nyuzi 93. Yaani bila presha, feni inaamka maji yakiwa mlangoni kuchemka. Kifuniko kizima hubana presha ya kama 0.9 bar, na hapo maji yanavuka nyuzi 110 bila kutoa povu. Kikifa kifuniko, unapata mvuke ndani ya mabomba, na mvuke hukimbilia juu, kwenye sensa na kwenye throtobodi, yaani mlango wa hewa wa injini. Sensa iliyozungukwa na mvuke badala ya maji haisomi sawasawa. Na kwenye injini ambazo valvu ya hewa hupashwa na maji yanayopita throtobodi, hewa ikijaa pale valvu inabaki baridi na wazi. Utaona mshale unacheza, 1,000, 1,800, 1,000, 1,800, kama mtu anakanyaga na kuachia. Wengi hununua throtobodi nzima kwa dalili hiyo, wakati rejeta imepungua maji kiganja kimoja tu. Kwa hiyo sisi huanza na maji, gari likiwa limepoa kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta cha moto kwa sababu yoyote ile. Nimeshamwona kijana wa miaka kumi na tisa akiungua uso na kifua, na sitaki kuona tena.

Tulifunga themostati ya nyuzi 82, ile pini yake ndogo ya kupitisha hewa ikiangalia juu. Kabla ya kuifunga tuliichemsha kwenye sufuria na kipimajoto. Kifaa kipya dukani hakimaanishi kifaa kizima, na tumeshakutana na zilizokataa kufunguka kabisa. Tukaweka kifuniko kipya na kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, badala ya maji ya bomba. Tukaliinua gari pua juu, hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, tukaliacha lizunguke mpaka hozi ya juu ikashika moto na mapovu yakaisha. Skrubu ya hewa tuliirudisha mwishoni, injini ikiwa na moto kamili, feni imeshawaka na kuzima mara mbili. Ukirekebisha sailensi kwenye injini ya baridi unajidanganya.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu kwa jina tu. Gari linatembea vizuri, linapata moto, linazima ghafla kama limezimwa na funguo, haliwaki tena, na ukisubiri nusu saa linawaka kama hakuna kilichotokea. Huyo mara nyingi ni umeme, na mshukiwa wangu wa kwanza ni koili, inayotengeneza umeme wa cheche, au igniti, inayoiendesha koili. Waya mwembamba ndani ya koili huachana ukitanuka kwa joto, ukipoa unagusana tena. Ndiyo maana ukilivuta gari mpaka gereji fundi anakwambia halina tatizo. Lipimwe likiwa limegoma. Tunachomeka plagi ya akiba kwenye waya, tunaiegesha kwenye chuma cha injini, tunapiga stata. Cheche ya bluu inayolia ni nzima. Ya njano iliyofifia au kutokuwepo kabisa inatupeleka kwenye koili, igniti na distribyuta, inayogawa cheche kwa plagi.

Kama cheche ipo, tunageukia mafuta. Kwenye boksi dogo la uchunguzi chini ya boneti kuna matundu ya +B na FP. Ukiyaunganisha funguo ikiwa ON, pampu inazunguka bila kupiga stata, na tunasikiliza na kushika hozi kama ina presha. Pampu iliyochoka hugoma ikipata moto, na petroli iliyomo tangini ndiyo inayoipoza. Wewe unayetembea na taa ya mafuta ikiwaka kila siku, pampu yako haina cha kuipoza. Jaza angalau robo tangi, hasa ukielekea Kyela.

Kwenye boksi hilohilo tunaunganisha matundu ya TE1 na E1 na kuhesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili tena, ni namba ya kosa 22: mzunguko wa sensa ya maji umekatika au umegusana. Lakini sensa inayosema nyuzi 20 wakati maji yana 80 haitoi namba yoyote, kwa sababu kwa kompyuta nyuzi 20 ni jibu halali. Hapo ni mita na kipimajoto tu.

Kwa hiyo tunapokuomba gari lilale kwetu, usidhani tunakuchelewesha. Gari likiletwa saa nne limeshapata moto njiani, na ule mwanzo wa baridi ambao ungetuonyesha kitu umepotea mpaka kesho. Lilete jioni. Saa moja asubuhi tunaliwasha likiwa na baridi ya usiku kucha, mita ikiwa tayari mkononi, na tunakaa nalo mpaka feni iwake.

Kabla ya kuja, tuandikie kwenye simu mambo machache: linazima likiwa baridi, likiwa linaanza kupata moto, au likiwa na moto kamili, linazima lenyewe au ukiachia mafuta, likizima linawaka papo hapo au mpaka lipoe, hita inatoa moto au upepo wa baridi, na kama liliwahi kuchemsha, hata miaka mitatu iliyopita, nani alilifungua na alitoa nini. Na ule mfuko wa vifaa vya zamani, kama unao, uje nao.