Risala ya wahitimu wa useremala kwa mgeni rasmi, siku ya mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazee wa kijiji, wazazi na walezi, wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wetu.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali kuja. Barabara ya kutoka mjini hadi hapa tunaijua, hasa baada ya mvua.

Ukumbi huu umepokea wageni wengi, na karibu wote waliondoka na saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi za kumeremeta. Hatusemi saa ni mbaya. Ila tulijiuliza, seremala aliyesota karakana miaka miwili anampaje mgeni wake kitu cha dukani? Ndiyo maana mezani kwako pana kalamu na bakuli. Vyote viwili vimekerezwa humu humu chuoni.

Kukereza, yaani kuuchonga mti huku ukizungushwa kwenye mashine, si kazi ngeni kwa watu wa pwani. Matendegu ya vitanda vya besera vya mababu zetu yalikerezwa, na mpaka leo yapo majumbani. Sisi tumeongezewa mota ya umeme tu. Mashine yetu tuliikuta stoo, haina mkanda. Mwalimu akajaribu mkanda wa mashine ya kusaga, ukakaa kama uliozaliwa nayo. Patasi na bobari, yaani patasi zenye ncha ya mviringo, tulizopungukiwa alitufulia mhunzi kwa springi chakavu za gari.

Mheshimiwa, kalamu hiyo ni ya mpingo. Huu ni mti wa kwetu kusini, na ukikitupa kipande chake kwenye ndoo ya maji kinazama. Huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na dunia inautafuta kwa ajili ya klarineti na obo. Kiwanda cha ala za muziki hakitaki fundo wala ufa, kwa hiyo gogo likipasuliwa sehemu kubwa hubaki kando. Kalamu haina makuu hayo. Kipande chenye urefu wa sentimita 13 na upana wa sentimita 2 kinatosha. Anachokiacha mtengeneza klarineti, sisi kwetu ni mbao.

Kazi yenyewe inataka subira. Kipande hukatwa viwili, kila kimoja kikatobolewa katikati kwa keekee ya milimita 7. Hapo ndipo wengi wetu tulipoharibu. Mpingo ukitobolewa kwa pupa unapata moto na kupasuka, kwa hiyo keekee inaingia kidogo, inatolewa, inapoa, inarudi tena. Kisha unagundishwa mrija wa shaba ndani ya tundu, na kwa kuwa mpingo una mafuta yake, bila kuufuta kwa spiriti kwanza gundi haishiki. Baada ya hapo ndipo kipande kinafungwa kwenye mashine na kukerezwa. Bobari hunolewa mara kwa mara, maana mti huu unakula makali. Vanishi hauhitaji. Msasa kuanzia mkali hadi laini, nta kidogo, basi, unang'aa wenyewe. Mstari mweupe unaouona karibu na kibanio si rangi tuliyopaka, ni mbao nyeupe ya nje, iliyo chini ya gome, tuliyoiacha makusudi. Mwalimu alitaka iondolewe. Tulimshinda kwa kura.

Bakuli ni la mwembe uliozeeka ukaacha kuzaa, na mwenyewe alikuwa ameshaamua kuukata kuni. Mwembe unakerezwa ukiwa mbichi, kwanza kwa unene. Bakuli la upana wa sentimita 20 huachiwa ukuta wa sentimita 2, kisha linafukiwa kwenye maranda likauke polepole. Miezi inapita. Kila wiki tulilipima kwenye mizani ya jikoni. Lilipoacha kupungua uzito ndipo tukajua limekauka, tukalirudisha kwenye mashine, maana wakati huo lilikuwa limepinda na kuwa kama yai. Bakuli letu la kwanza halikufika huko. Tulilianika juani tukidhani tunaharakisha, na kesho yake lilikuwa na nyufa kama kisigino cha mkulima wakati wa kiangazi.

Sasa tuseme yanayotusumbua.

La kwanza ni vumbi. Vumbi la mpingo linawasha macho na ngozi, na barakoa za kitambaa hazilizuii. Tunaomba msaada wa mashine ya kunyonya vumbi na miwani ya kufunika uso mzima. Hili tunaliweka mbele ya mengine yote kwa sababu wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wanaingia karakana hiyo Jumatatu.

La pili ni vipande. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, yaani cha usimamizi bora wa misitu, na vijiji vinavyosimamia misitu yao kwa sheria vimekuwa vikiuza mpingo na kujenga kwa fedha hizo. Sisi hatutaki mti mzima. Tunaomba ofisi yako itukutanishe na halmashauri za vijiji na wenye viwanda vya kupasua mbao, tununue masalia kwa risiti na hati ya kusafirishia. Mwenzetu mmoja alishushwa kwenye basi na mfuko wa vipande ambavyo kweli tulivinunua, lakini karatasi hatukuwa nayo. Kosa lilikuwa letu, na vipande vilibaki kizuizini.

La tatu ni dogo. Ofisi za wilaya huwapa wageni zawadi kila mwaka. Tunaomba, kabla ya kuagiza saa nyingine, mtuulizie bei.

Mheshimiwa, wino ukiisha usiitupe kalamu. Ishike juu na chini, vuta, itaachana katikati; toa kijiti cha wino, tia kingine. Bakuli lisilowekwe majini. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu na lipakwe nta ya nyuki likianza kufifia. Korosho zilizomo ndani zimetoka kwa mzazi wa mhitimu mmoja. Hizo hazikukerezwa, tunaomba uzile.

Naomba kuwasilisha.