Makovu ya Bama

Columbus, Ohio
12 Novemba 2012

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, watoto wanasoma, baridi ndiyo imeanza kuuma. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu huwa tunaishia kuulizana hali na mvua mpaka salio linakata. Barua hii utaletewa na mtoto wa Mama Mdogo anayekuja likizo ya Krismasi, pamoja na kifurushi. Kifurushi usikifungue kwanza. Soma hadi mwisho.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, tangu mwezi wa nne nimepangiwa kumhudumia mzee mmoja, Mmarekani mweusi wa miaka 91. Jina lake sitaliandika, kazi yetu hairuhusu. Namwogesha, namvalisha, na siku mikono ikimtetemeka sana namlisha. Asubuhi ya kwanza nilipomkunja suruali nimwoshe miguu, nilibaki nimeshika kitambaa tu, maji yanadondoka sakafuni. Kwenye miundi yote miwili alikuwa na makovu ya duara yaliyobonyea, ngozi yake laini inang'aa, makubwa kama sarafu ya shilingi ya zamani. Baba, yalikuwa makovu ya Babu. Yale yale tuliyokuwa tukiyahesabu tukiwa wadogo, Babu amekaa barazani amenyoosha miguu, sisi tukidhani aliliwa na funza.

Neno likanitoka: "Burma?" Ndiyo Bama yetu, nchi ya Asia iitwayo pia Myanmar, alikopigana Babu vita vya pili vya dunia.

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema kwamba miaka yote aliyoishi mji huu hakuna aliyewahi kumtajia nchi hiyo kabla yeye hajaitaja. Nikamwambia babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza huku kwetu Afrika Mashariki.

Tangu siku hiyo, kuoga kwake kunachukua saa nzima. Ananieleza na mimi nasugua taratibu. Makovu yale ni ya ruba. Walikuwa wanapenya kwenye vitundu vya kamba za viatu, na ukimng'oa ruba kwa pupa panabaki jeraha, linaoza kwa unyevu, linachimba kuelekea mfupa. Halafu vidonge vya malaria vya njano, vilivyowageuza ngozi rangi ya bizari. Hapo nilicheka kwa furaha, maana hilo Babu alilisema mwenyewe: "Tulirudi wa manjano." Sisi tukaona ni hadithi za wazee.

Lakini huyu mzee hakwenda kupiga risasi. Alikwenda kukata barabara. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Bama na kuifunga njia ya gari ya kupeleka mahitaji China, ikabaki kupitisha mizigo kwa ndege juu ya milima ya Himalaya. Desemba ya mwaka huo Wamarekani wakaanza kuchonga barabara mpya kutoka Ledo, upande wa Assam huko India, kupenya milima na msitu mpaka iungane na ile ya zamani. Askari wa Kimarekani waliofanya kazi hiyo walikuwa kama 15,000, na katika kila kumi, sita walikuwa weusi. Jeshi lao wakati huo liliwatenga weusi na weupe, na weusi wengi walipewa sepeto na malori badala ya bunduki. Pamoja nao walikuwepo maelfu ya vibarua wa Kihindi, Wakachin wa milima ya Bama na Wachina. Mzee analitaja hilo kila mara, hataki wasahaulike.

Yeye aliendesha tingatinga. Akiwa kitandani anainua mikono, wa kulia unavuta wenzo, wa kushoto unasukuma, mguu unatafuta breki chini ya blanketi. Kazi ilikwenda usiku na mchana, na usiku walimulikiwa na mianzi iliyojazwa mafuta ya dizeli na kuwashwa utambi. Mvua ikinyesha kilima kinateremka, kipande cha wiki nzima kinapotea kwa usiku mmoja. Nikamsimulia malori yanavyonasa njia ya Mbinga wakati wa mvua, watu wakikata matawi na kuyatandika chini ya matairi. Akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyeeleweka.

Usiku mmoja rafiki yake, waliyetoka naye kijiji kimoja huko Georgia, alikuwa mbele yake kwenye tingatinga jingine. Ukingo ukakatika. Mashine ikaenda korongoni na mtu wake. Anasema kelele ya kuanguka ameshaisahau. Kisichomtoka ni injini, ambayo iliendelea kunguruma kule chini gizani kwa muda, kisha ikanyamaza. Asubuhi msimamizi akaleta tingatinga lingine na kazi ikaendelea pale pale. Jambo hili amenisimulia mara nne, na mara zote nne amenyamaza mahali pale pale, injini inaponyamaza.

Wamarekani zaidi ya 1,100 walikufa kwenye ujenzi huo. Kutoka Ledo hadi Kunming, huko China, ni maili 1,079, na askari wenyewe walikuwa wakisema kila maili imelipiwa na mtu. Msafara wa kwanza wa magari 113 uliondoka Ledo tarehe 12 Januari 1945 ukafika Kunming tarehe 4 Februari. Miezi michache baadaye vita vikaisha, Wamarekani wakaondoka, na sehemu kubwa ya barabara ikamezwa na msitu. Nilimwona akilia kwa hilo kuliko kwa ruba na malaria.

Alirudi Georgia mwanzoni mwa 1946. Februari hiyo hiyo sajenti mweusi aitwaye Isaac Woodard, aliyeachishwa jeshi kwa heshima saa chache tu kabla, alishushwa kwenye basi huko South Carolina akiwa bado amevaa sare. Alikuwa amemwomba dereva asimame ajisaidie, wakajibizana. Polisi wakampiga mpaka akapofuka macho yote mawili. Habari ilipoenea kiangazi kile, mzee wangu aliikunja sare yake kwenye mfuko wa karatasi na hakuivaa tena. Rais Truman alipotoa amri tarehe 26 Julai 1948 ya kukomesha ubaguzi jeshini, yeye alikuwa ameshahamia kaskazini, anafanya kazi kiwandani.

Nilimtafutia ramani. Babu na wenzake wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wenye ile alama ya kichwa cha kifaru begani, walipita mbali kusini-magharibi mwa barabara yao. Waliteremka bonde la Kabaw mvua zikiwa zimepamba moto mwaka 1944, bonde la malaria na homa za kila aina, wakawasukuma Wajapani hadi Kalewa, na Desemba wakavuka mto Chindwin. Hapo lilijengwa daraja la chuma la zaidi ya mita 300. Nilimwekea mzee kidole cha Ledo na kidole cha Kalewa. Akapima kwa macho, akasema, "Mvua ilikuwa moja."

Na mimi nikakumbuka kauli pekee ndefu ya Babu kuhusu vita: mvua ya kule si mvua.

Mwezi uliopita walikuja vijana wa kujitolea kumrekodi. Maktaba ya Bunge la Marekani tangu mwaka 2000 inakusanya masimulizi ya askari wake, yeyote yule, hata mpishi, ilimradi mazungumzo yafike dakika 30. Mzee alizungumza saa mbili, mimi nimekaa pembeni nimemshikia kikombe. Nilikuwa na furaha kwa ajili yake, na nilikuwa na uchungu, Baba. Babu ametoka duniani na nishani yake ya nyota ya shaba tuliifanya pesa ya kuchezea duka. Hata jina la meli iliyompeleka hatulijui.

Sasa fungua kifurushi. Hicho ni kinasa sauti, betri nimeweka za akiba. Nakuomba uende Matogoro kwa yule babu aliyekuwa na Babu Keya, kabla mvua hazijakata njia. Mpelekee sukari na blanketi lililomo. Usimuulize vita ilikuwaje, hatakujibu. Muulize alikula nini. Muulize kuhusu miguu. Bibi naye akae karibu, kuna vitu anavijua.

Jana ilikuwa siku yao ya askari wa zamani. Palikuwa na keki na bendera, watoto wa shule wakaimba. Nikimrudisha chumbani, mzee akanisimulia aliposhuka kituoni mwaka ule: hakuna aliyekuwepo ila mama yake, amevaa kofia ya kanisani, alikuwa akija kituoni kila jioni kwa siku tisa. Kisha akaniuliza, "Na babu yako, nani alimpokea?"

Nikasema nitauliza nyumbani. Kila asubuhi nikimwosha miguu ataniuliza tena, kwa hiyo usichelewe.

Nisalimie Mama na Bibi.

Mwanao,
Agnes