Barua ya Kufunga Muhula: Kwa Nini Jumatano Watoto Wanarudi Saa Nane

Muheza, Juni 2025

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MAFUNZO YA WALIMU YA KILA JUMATANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shule inafungwa Ijumaa hii saa sita mchana. Tarehe ya kufungua imeandikwa nyuma ya ripoti ya mtoto, chini ya maoni ya mwalimu wa darasa. Naomba muisome hapo, msinipigie saa nne usiku kuniuliza. Matokeo nayo yamo humo humo, kwa hiyo sitayarudia. Leo nataka kulirudia swali moja lililoulizwa kwenye kikao cha wazazi cha mwezi Machi, kwa sababu nililijibu vibaya.

Mzee mmoja alisimama kule nyuma, akavua kofia, akasema, "Mwalimu Mkuu, shikamoo yako sikupi maana wewe ni mdogo kwangu, lakini nakuheshimu. Kila Jumatano mjukuu wangu saa nane yuko nyumbani. Nikipita hapa na baiskeli nawaona walimu wamekaa darasani wameinamia vishikwambi. Wanacheza nini?" Ukumbi ukacheka. Mimi nikajibu kwamba ule ni utekelezaji wa MEWAKA kwa mujibu wa mwongozo. Mzee akarudisha kofia kichwani, akakaa. Usiku ule sikulala vizuri. Mtu kaomba maji, mimi nimempa jina la mtungi.

MEWAKA ni Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Ni utaratibu wa nchi nzima. Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani TET, ndiyo inayoandaa moduli, Afisa Elimu Kata anafuatilia, na walimu wa shule moja wanakutana hapo hapo shuleni katika kile kinachoitwa jumuiya ya kujifunza. Kwetu jumuiya hiyo inakutana Jumatano, saa nane hadi saa kumi. Vipindi vya mchana wa siku hiyo tumevihamishia Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo mtoto hajapunjwa. Wanaotaka kuhakikisha, ratiba imebandikwa mlangoni mwa ofisi yangu.

Sasa kwa nini "endelevu"? Niwasimulie kisa changu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu wa darasa, niliitwa mjini kwenye semina ya kompyuta ya siku mbili. Tulikuwa walimu kama arobaini, kompyuta nane. Siku zote mbili nilikiona kioo kwa kuchungulia juu ya bega la mwenzangu. Tukapewa nauli, tukapewa cheti, tukapiga picha. Niliporudi shuleni kwangu hapakuwa na kompyuta hata ya kuigusa. Ilikuja moja baada ya miaka mitatu, na siku ya kwanza niliizima kwa kuchomoa waya ukutani, maana njia niliyofundishwa nilishaisahau. Cheti bado ninacho.

Hali hiyo ingejirudia na vishikwambi. Baada ya Sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, Serikali iliviingiza shuleni vile vishikwambi walivyotumia makarani, ikawakabidhi walimu. Tulifurahi sana. Lakini nisiwafiche: mwaka wa kwanza, hapa kwetu, kimoja kilikuwa tochi umeme ukikatika, kimoja kilikaa kabatini kimefungwa kwenye khanga kisipate vumbi, na cha kwangu nilikitumia kukandamizia karatasi za mahudhurio zisipeperushwe na upepo. Mzee wangu wa kofia angeuliza swali lake mwaka ule, ningekosa pa kuficha uso.

Kilichobadilika ni hizo Jumatano. Nitawapa mfano mmoja kwa urefu, halafu mtaamua wenyewe kama tunacheza.

Mwalimu wa hisabati wa Darasa la Tatu alikuja na picha alizopiga kwa kishikwambi, picha za madaftari ya watoto na siyo za sura zao. Akaiweka moja ukutani kwa projekta, ambayo tunaazimana na shule mbili za kata yetu. Ilikuwa hesabu ya kutoa: 403 kutoa 178. Mtoto ameandika 375. Sisi walimu, kama kawaida yetu, tukaanza: huyu hakusikiliza, huyu kwao hawamsaidii, huyu hajui kukopa. Kijana mmoja anayejitolea hapa shuleni akasema, "Samahani wakubwa, tumuangalie safu kwa safu." Tukaangalia. Kwenye mamoja palikuwa na 3 juu na 8 chini. Mtoto kachukua 8 akatoa 3, akapata 5. Kwenye makumi, 0 juu na 7 chini, kaandika 7. Mamia, 4 kutoa 1, kapata 3. Kila safu katoa kidogo kwenye kikubwa, bila kujali kipi kiko juu. Hakubahatisha hata kidogo. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu kuliko wengi wetu tunavyofuata miongozo.

Darasa zima likawa kimya, halafu mwalimu mwenyewe akaanza kupitia picha nyingine haraka haraka kwa kidole. Watoto 19 kati ya 71 walikuwa na kanuni ile ile. Muda wote alikuwa akiwawekea mkasi mwekundu na kuwaambia "rudia". Wamerudia kweli, na kila wakirudia wanapata 375.

Wiki iliyofuata niliingia kuangalia somo lake. Aliweka kazi ile ukutani bila jina, akawauliza watoto, "Huyu mwenzetu aliwaza nini mpaka akapata hii?" Siyo nani amekosa, aliwaza nini. Halafu akagawa vijiti, vile vile vya zamani vya kufunga kumi kumi kwa mpira, wakafungua mafungu kwa mikono yao mpaka ikabaki 225. Projekta ilikuwa imeshazimwa kitambo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwalimu huyu amefuzu, maana alijua kuiwasha na alijua kuizima.

Yapo ambayo hayakwenda hivyo. Darasa la Tano walionyeshwa video ya mmeng'enyo wa chakula, nzuri, ina rangi na muziki. Watoto walipiga makofi. Kesho yake mwalimu alipouliza chakula kinapita wapi, waliukumbuka muziki. Jumatano tukalijadili bila kumwonea mwenzetu haya: video ya dakika nane imechezwa moja kwa moja hadi mwisho, hakuna mahali iliposimamishwa, hakuna swali. Safari ya pili aliisimamisha mara nne na kila mara wakachora walichokiona. Somo likachukua vipindi viwili badala ya kimoja. Mimi sioni ubaya, ingawa mkaguzi wa andalio la somo anaweza kuona.

Hata mimi nimeaibika. Siku ya zamu yangu kufundisha wenzangu jinsi ya kuunganisha simu na projekta, nilisahau kuzima data. Ukutani, kwa herufi kubwa kama kichwa, ukatokea ujumbe wa mama watoto: "Usisahau dagaa, na juzi ulisahau." Walimu hawajaacha kuniuliza kama nimenunua dagaa. Lakini tangu siku ile hakuna mwalimu hapa anayewasha projekta mbele ya wanafunzi kabla ya kuzima data, kwa hiyo nalihesabu kuwa somo nililolifundisha vizuri kuliko yote.

Kuna mwalimu wetu wa Darasa la Kwanza aliyebakiza miaka miwili kustaafu, mnamfahamu, amewafundisha baadhi yenu kusoma. Alikataa kishikwambi waziwazi. "Mwanangu, mimi na hiki kidude tutavunjana," alimwambia yule kijana wa kujitolea. Kijana hakubishana. Alimwomba tu amsomee sauti za herufi, akamrekodi. Mama yule aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema "ba, be, bi" aliicheka mpaka akatoa machozi, kisha akasema, "Ngoja, hiyo 'dha' nimeitamka vibaya, irudie." Leo anajirekodi mwenyewe. Watoto waliochelewa wanasikiliza sauti yake pembeni wakati yeye anaendelea na wengine. Naye kijana, ambaye kwenye mitambo hana mpinzani, anakaa nyuma ya darasa la mama huyo kila Alhamisi kujifunza namna ya kuuliza swali na kunyamaza mtoto afikiri. Hakuna semina ya mjini ingewakutanisha wawili hawa.

Tena kumbukeni kwamba walimu hawa wanabadilishiwa na mtaala. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, na elimu ya msingi ndani yake ni miaka sita. Wenye watoto Darasa la Nne sasa hivi walielewe hili mapema: watoto wenu watamaliza mwaka 2027, mwaka mmoja na walio Darasa la Tano leo, hawa wakiwa la Saba na wenu wakiwa la Sita. Nitaitisha kikao chake peke yake.

Kuhusu simu. Mwanafunzi haji na simu shuleni, hilo halijabadilika, hata kama ni ya tochi. Mwalimu anatumia kishikwambi kwa somo. Ukimwona anachekea kitu kingine wakati watoto wanamsubiri, njoo uniambie mimi, usiandike kwenye kundi la WhatsApp. Na kuhusu picha, tunapiga madaftari tu, jina tunalifunika, na baada ya Jumatano zinafutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na hata isingekuwepo, mtoto aliyekosa hesabu hapaswi kuwa kichekesho cha mtaa. Wazazi wawili walioniomba niwarushie picha za watoto wao wakisoma kwa projekta watanisamehe.

Bado tuna shida zetu. Umeme ukikatika saa nane, Jumatano yetu inakuwa ya mdomo na chaki. Moduli anazishusha mwalimu mmoja anapokwenda mjini Jumamosi, kwa bando la mfukoni mwake, kisha anatugawia. Nimemwahidi tutamrudishia, na sijamrudishia. Safari ijayo nitalipa mimi.

Likizo hii, mwenye simu janja anaweza kuingia Maktaba Mtandao ya TET, vitabu vya kiada vimo na kuvisoma ni bure. Darasa la Saba wavitumie hasa, mtihani wao ni Septemba. Najua ni msimu wa machungwa na mikono inahitajika shambani. Asubuhi wachume, jioni nusu saa wasome. Nusu saa, sijasema zaidi.

Ninayo maombi mawili, na yote si ya fedha, msije mkasema Mwalimu Mkuu ameanza michango. La kwanza: dirisha la darasa la kusini linaingiza jua na ukuta hausomeki. Kama kuna mwenye kitambaa kizito cheusi, au mapazia ya zamani, atuletee. Pia mzazi aliye fundi seremala atusaidie komeo la kabati la vishikwambi, mbao tunazo.

La pili: Jumatano, wenye watoto wa Awali wafike kuwachukua saa saba na nusu, siyo saa tisa. Muhula huu watoto watatu walikaa nasi kwenye mafunzo mpaka mwisho. Mmoja wao sasa anajua kuwasha projekta.

Mzee wangu wa kofia, Jumatano ya kwanza baada ya kufungua usipite na baiskeli. Egesha chini ya mwembe, uingie. Kiti chako nitakiweka mbele.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu