Seli nyeupe zikipita 100,000, mgonjwa asisubiri

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wahudumu wenzangu wa afya kwamba mgonjwa anayeshukiwa kuwa na saratani kali ya damu, ambaye kipimo kinaonyesha seli nyeupe zaidi ya 100,000 kwa mikrolita, ni wa dharura hata kama ameingia wodini akitembea mwenyewe.

Seli hizo changa huziba mishipa midogo ya mapafu na ubongo, ndiyo maana kuhema kwa shida, kuumwa kichwa, kuona ukungu au kuchanganyikiwa kusidhaniwe upesi kuwa ni nimonia au malaria.

Linalonisumbua zaidi ni suala la damu. Kwa kuwa mgonjwa huyu mara nyingi ana upungufu wa damu, tunakimbilia kumwongezea chupa mbili, ilhali seli nyekundu huzidisha uzito wa damu na zinaweza kuharakisha kuziba kwa mishipa. Hali yake ikiruhusu, ni heri tungoje seli nyeupe zipungue kwanza. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hazina tatizo hilo, nazo zikipungua sana aongezewe, maana anaweza kuvuja damu kichwani.

Dripu ya maji, alopurinoli (dawa ya kuzuia asidi ya yuriki kuzidi mwilini) na haidroksiyurea (dawa ya kupunguza seli nyeupe) vianze huku rufaa ya tiba ya kemikali ikiandaliwa. Haidroksiyurea, kwa kweli, si dawa ngeni kwetu: ni ileile wanayopewa wagonjwa wa selimundu, hivyo kukosekana kwa mashine ya kuchuja seli nyeupe si sababu ya kukaa tukimtazama mgonjwa.

Mganga, Dodoma