Maski ya pua ikivuja msikimbilie kukaza

Ndugu Mhariri, salamu toka huku Ngamiani. Nimesoma barua ya yule kaka wa Muheza anaelalamika kuhusu mashine yake ya CPAP, hii ya kusukuma hewa puani kupitia maski ya kufunga kwa mikanda, kwa watu wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini, kwamba inampuliza machoni usiku kucha, pua imechubuka, na sasa hivi anatafuta mtu wa kumuuzia. Kaka angu usiuze kwanza. Mume wangu anatumia mashine hizohizo na mimi ndo ninaelala pembeni yake, kwahyo ile sauti ya fyuuu naijua kuliko yeye, maana yeye yuko usingizini. Na kwa vile umesema mwenyewe kwamba unakaza mikanda mpaka mistari inabaki usoni hadi adhuhuri, mi naona mashine unaionea bure, kinachokuumiza ni huko kukaza.

Hata sisi tulipochukua maski, muuzaji alimvalisha mzee akiwa amekaa kwenye kiti, mashine haijawashwa, akavuta mikanda akasema hapo safi baba, nenda. Sasa nani analala amekaa kwenye kiti? Uso wa mtu akilala chali unabadilika, mashavu yanashuka kwa pembeni, na akigeuka ubavu mto unasukuma maski nzima upande mmoja. Alafu kuna mambo ya presha. Hizi mashine zinapuliza kuanzia 4 mpaka 20, kipimo chake ni sentimita za maji, na daktari ndo anasema wewe yako ngapi. Nyingi zinaanza chini zinapanda taratibu ili mtu apate usingizi, kwahyo maski iliyotulia wakati inapuliza 4 inaweza kuanza kupiga kelele saa saba za usiku ikifika 12, na hapo mtu anashtuka nusu usingizi anashika mikanda anavuta, basi kesho yake ndo hiyo pua imechubuka.

Iangalie ile silikoni inayogusa uso. Nyingi zina kuta mbili, ya ndani nene kidogo na ya nje nyembamba laini sana, na hiyo nyembamba ndo inayozuia hewa isitoke. Hewa ikija kutoka kwenye mashine inaingia katikati, ile ngozi ya nje inavimba yenyewe na kujaza mabonde ya uso, hasa pale kwenye kona ya pua na shavu. Ukikaza sana inalala bapa inafanya mikunjo, na hewa inapita kwenye hiyo mikunjo. Ni tanga la ngalawa, ukilibana kwenye mlingoti hata upepo uvume vipi halijai. Ndo maana ukikaza inavuja, unakaza tena inavuja zaidi.

Mzee wangu sasa anafanya hivi. Analala kabisa kitandani, kichwa kwenye mto wake, mashine inapuliza kwa presha yake ya kawaida (baadhi zina sehemu ya kujaribu maski humohumo kwenye menyu, angalia yako). Mikanda yote inalegezwa. Anaiweka maski puani, anaivuta mbele kidogo ile iachane na uso, hewa ijae, alafu anairudisha pole pole ikae inavyotaka yenyewe. Hapo ndo mikanda inavutwa, kulia na kushoto sawa, kidogo kidogo, na sauti ikishakata tu basi, asiongeze. Anageuka ubavu wa kulia, wa kushoto, ikiachia uwazi pale anairekebisha upande huohuo. Hewa ikienda machoni mara nyingi ni mikanda ya juu au maski imekaa juu mno, ikitokea chini karibu na mdomo ni mikanda ya chini. Macho msiyachukulie poa, mtu akipulizwa usiku mzima anaamka mekundu makavu anadhani ana ugonjwa wa macho.

Sasa kama umefanya yote hayo na bado, basi saizi sio yako. Watu wetu wanapenda kuchukua kubwa eti nipumue vizuri, ila kwa maski ya pua, ile kubwa ndo inavuja, inapanda kwenye mfupa wa pua juu na chini inakanyaga mdomo. Inatakiwa ikumbatie pua tu, chini iishie juu ya mdomo wa juu. Huyu daktari wa Australia alieanzisha matibabu haya, Colin Sullivan, mwaka 1980 hakuwa na maski za dukani, kila mgonjwa alichukuliwa umbo la pua yake kwa plasta ya jasi akatengenezewa ya kwake, alafu usiku inabandikwa kwa gundi ya silikoni. Ilikua shughuli, lakini walijua tangu mwanzo kwamba pua ya mtu ni ya mtu. Leo tunapewa moja iliyobaki kabatini tunaambiwa itazoeleka.

Kuna hatari ingine lazima niiseme. Kwenye maski kuna vitundu vidogo vidogo, kwa mbele au pale mpira wa kuleta hewa toka kwenye mashine unapoingilia, vinatoa hewa muda wote mashine ikiwaka. Huko sio kuvuja! Vimewekwa makusudi ili hewa uliyoitoa iende nje usirudie kuivuta. Kuna jirani yetu kijana wake alishachukua plasta anataka kuviziba kwa nia njema kabisa, mama asihangaike na kelele. Jamani msivizibe, plasta wala kitambaa. Ukitaka kujua hewa inatokea wapi pitisha kiganja pembezoni mwa silikoni, hapo ndo hapatakiwi kutoka kitu.

Mengine ni ya kwetu kwetu huku pwani. Mafuta ya nazi usoni kabla ya kulala, hapana, silikoni inateleza, na mafuta yanaiharibu. Nawa uso kwa sabuni, jifute, ndo uvae. Kaskazi hiki cha joto na jasho ndo usiseme, wengine wanaamka saa nane wanafuta uso wanaivaa upya. Asubuhi ile silikoni ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, jiki isiguse, na ianikwe kivulini, najua sisi kila kitu tunaanika juani ila hii jua linaiua. Ndevu kwa maski ya pua hazina shida maana haifiki kidevuni, masharubu ndo yanapitisha hewa, na hapo wanaume wetu hawana kisingizio, kupunguza masharubu ni sunna.

Mpira nao, ukining'inia pembeni ya kitanda ukanasa kwenye chandarua, kila ukigeuka unavuta maski. Mimi nimechana upande wa kanga kuukuu nikaufunga mchagoni, mpira unashuka kutokea juu ya kichwa, una nafasi ya kutosha kumfuata akigeuka, na chandarua kinachomekwa vizuri chini ya godoro mbu wasipate njia. Mto wa usufi ule uliojazwa ukawa kama gogo nao tumeutoa, wa kwake sasa ni laini na mfupi, akilala ubavu maski inatokeza nje ya ukingo.

Na kama kinywa kinafunguka usiku, maski ya pua haina kosa, hewa inaingilia puani inatokea mdomoni, unaamka koo kavu kama hukunywa maji tangu jana. Kwanza tibu pua, kama ina mafua au imeziba mwambie daktari, maana pua ikiziba mdomo utafunguka tu. Kuna mkanda wa kushikilia kidevu unawasaidia wengine, na ikishindikana kabisa ipo maski ya pua na mdomo kwa pamoja. Ila usirukie hiyo, ni kubwa na yenyewe ina sehemu nyingi zaidi za kuvuja.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu kwa wanaouza na wanaogawa hizi mashine hapa mkoani, wekeni hata kitanda kimoja, mgonjwa alale, mashine iwashwe kwa presha yake, akae nayo angalau robo saa, na zifunguliwe saizi zote achague. Na hiyo silikoni iuzwe peke yake, ndo inayochoka mapema, sio tulazimishwe kununua maski nzima na mikanda yake wakati mikanda bado mizima.

Mama wa Barabara ya Kumi na Mbili,
Ngamiani, Tanga