Malalamiko: Kifurushi cha Tiketi za White Sox na Pesa Mlizokata Bila Ruhusa

Chicago, Illinois
Novemba 2024

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uuzaji wa Tiketi

YAH: KUREJESHEWA PESA ZA KIFURUSHI CHA MSIMU WA 2025

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ukurasa wenu wa huduma unasema mteja anaruhusiwa kutumia lugha yoyote, mkalimani atatafutwa. Barua pepe zangu za Kiingereza zilijibiwa na mashine. Nina matumaini hii itabidi ipite mikononi mwa mtu.

Mashine yenu ilinijibu kwamba kampuni "haiwajibiki kwa matokeo ya uwanjani". Hilo sikuliuliza. Chicago White Sox wamemaliza msimu huu na ushindi wa mechi 41 na vichapo 121, na tangu mwaka 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli iliyopoteza mechi nyingi hivyo katika msimu mmoja. New York Mets wa 1962 waliishia vichapo 120. Hawa wetu walianza kwa kushinda 3 tu kati ya mechi 25, halafu Julai wakaingia katika vichapo 21 mfululizo, wakaja kupumua Agosti 6 kule Oakland. Siku mbili baadaye meneja, Pedro Grifol, akafukuzwa. Yote hayo nimeyameza. Aliyenunua tiketi amenunua kiti, hakununua ushindi, na wala sidai hata senti kwa sababu timu ilifungwa.

Ninachodai ni hiki. Kifurushi changu cha mechi za jioni nilikinunua wiki ya mwisho ya Machi, kutoka kwenye tangazo lenu lenye picha kubwa ya mrushaji Dylan Cease na maneno ya kutualika tuje tumwone msimu mzima. Cease alishapelekwa San Diego Machi 13. Mlikuwa mnaniuzia mtu aliyekwisha hama mji! Julai 25 alirusha mechi nzima, timu ya Washington wasipate hata hiti moja (yaani kuupiga mpira na kufika kituoni salama), amevaa jezi ya San Diego, nami nikamtazama kwenye simu, jikoni kwangu. Mtasema wachezaji huhama na hilo haliko mikononi mwenu. Sawa, lakini tangazo lilikuwa mikononi mwenu, na kulibadilisha si kazi ya wiki mbili.

La pili linaniudhi zaidi, ingawa pesa yake ni ndogo. Masharti ya kifurushi yanasema mteja akikosa mechi moja atabadilishiwa nyingine "nafasi zikiwepo". Agosti nilipangiwa zamu ya usiku kazini, nikawaandikia mapema kuomba jioni moja ya Septemba. Mkanijibu: nafasi zimejaa. Zimejaa! Timu ina vichapo zaidi ya mia moja, ni siku ya kazi, nafasi zimejaa. Mwenzangu wa kazini alikwenda jioni hiyohiyo, tiketi alinunua dirishani dakika chache kabla ya mechi kuanza, na akanitumia picha ambayo nimeiambatanisha. Tafadhali ikuzeni muangalie viti vya juu. Mimi nimemwona muuza bia na mzee mmoja aliyejivika mfuko wa karatasi kichwani kwa aibu ya timu. Muuza bia ameketi.

Nisije nikaonekana mtu wa kulaumu tu: jioni ya Septemba 24 ilikuwa na thamani ya tiketi yake. Timu ilikuwa imefikia vichapo 120, watu tumekuja kushuhudia cha 121, wengine wanapiga kelele mwenye timu, Jerry Reinsdorf, aiuze. Los Angeles Angels wanaongoza 2 kwa 0. Raundi ya nane Sox wakapata pointi tatu, wakashinda 3 kwa 2, kisha wakashinda na mechi mbili zilizofuata. Yaani hata kichapo tulichokifuata hatukupewa. Kikaja kutolewa Detroit Septemba 27, ugenini, usiku uleule wenyeji wetu, Detroit Tigers, walipojihakikishia nafasi ya mtoano. Hayo si makosa yenu, nimeyataja kwa haki.

Sasa Oktoba. Mmekata dola 640 kwenye kadi yangu kwa ajili ya msimu wa 2025, na barua pepe ya kunishukuru kwa "msimu wa kusisimua". Mwaka huu nililipa 580. Sijaomba kuendelea. Nimekuja kugundua kwamba kwenye programu yenu, chini kabisa ya ukurasa wa malipo, kuna kisanduku kidogo cha kujisajili upya ambacho huja kikiwa kimeshawekwa alama, na asiyekitoa anahesabiwa amekubali. Kitufe cha kufuta kinanipeleka kwenye namba ya simu. Namba ya simu inaniambia nitumie programu.

Kwa hiyo naomba mnirejeshee dola 640 zote, bila kukatwa "gharama za huduma", pamoja na thamani ya ile mechi mliyokataa kunibadilishia. Kadi yangu iondolewe kwenye kumbukumbu zenu, na nipewe uthibitisho wa maandishi wenye jina la aliyeshughulikia. Nawapa siku 14. Zikipita, nitaitaka benki iyapinge malipo hayo, na malalamiko haya nitayapeleka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Illinois, upande wa kulinda watumiaji.

Mechi za 2025 nikizitaka nitakwenda dirishani mwenyewe. Naambiwa hakuna foleni.

Wenu,
Mteja (jina na namba ya akaunti zimo kwenye fomu)

Viambatanisho: risiti ya Machi, taarifa ya benki ya Oktoba, nakala ya tangazo, picha ya viti.