Tazameni plagi kabla ya kutu

Ndugu Mhariri,

Tupe nafasi tuseme na wanaonunua mashine za kufulia zilizotumika hapa Mwanza, hasa zile za zamani za mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia.

Mnunuzi akifika dukani hutazama kutu. Anapapasa bodi, anafunua mfuniko, ananusa. Kutu ya bodi haina neno, msasa na rangi vinaimaliza. Cha kutazama ni plagi. Mashine ya Toshiba, Hitachi au National iliyotumika Japani huja na plagi ya pini mbili bapa, maana umeme wa nyumbani kule ni volti 100. Muuzaji huikata, akafunga ya pini tatu ili iingie kwenye soketi zetu za volti 230. Waya wa kijani wa ethi, yaani wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ambao kwenye mashine hizo hutoka peke yake mgongoni, nao anaukata. Kisha mashine inawashwa sekunde tano, inazunguka kwa nguvu za ajabu, mteja anacheka. Asicheke. Koili ya volti 100 ikipewa 230 hupata joto zaidi ya mara tano. Nguo za kwanza haziishi kabla moshi haujatoka.

Kwa hiyo kabla ya kupatana bei, geuza mashine usome kibati cha mgongoni. Kikiandika 220–240V, 50Hz, umeme wake ni wetu. Kikiandika 100V, 50/60Hz, inafaa, ila kwa transfoma ya kushusha umeme. Mota ya wati 400 huvuta mara kadhaa ya hapo wakati wa kuanza, basi usichukue transfoma ya chini ya wati 1,500, na uinyanyue kwanza: ikiwa nyepesi kama redio, zile wati ni za kwenye stika tu. Kikiandika 60Hz peke yake, mota itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita kwenye umeme wetu wa 50Hz, na itachemka zaidi. Hiyo mwachie mwingine. Na kama kibati kimebanduliwa au kimefunikwa na rangi, ondoka hata kama bei ni ya kutupa.

Umeme ukishajulikana, adui anayebaki ni maji. Shika pipa la kukamulia kwa juu ulitikise: linapaswa kulegea kidogo na kurudi kimya. Lizungushe kwa mkono. Likisaga kama unga wenye mchanga, beringi inayoshika mhimili imekwisha. Halafu inamisha mashine umulike mota iliyo chini ya pipa hilo. Ukiona mchirizi wa kutu unaoshuka juu yake, sili inavuja, na mota hiyo imekuwa ikinyeshewa kila siku ya kufua.

Sili ni raba yenye mikunjo inayozunguka mhimili chini ya pipa. Huku ziwani haidumu: nguo za mwaloni, wanakoshusha samaki, huja na mchanga na magamba ya dagaa, vinakaa mdomoni mwa raba na kuutafuna. Kuibadilisha hakuhitaji karakana. Chomoa plagi. Fungua bati la nyuma, na kabla ya kugusa kitu chochote maliza umeme uliobaki kwenye kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme wa kuanzisha mota, kwa kuigusisha nyaya za balbu ya kawaida ya wati 60, si kwa bisibisi. Legeza waya wa breki, kisha boliti zinazobana mhimili wa pipa kwenye kiunganishi cha mota. Zikigoma usizipige nyundo. Zimwagie mafuta ya kulainisha kutu, ulale, urudi asubuhi. Pipa litanyanyuka wima na sili itaonekana.

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, maana vipimo ni vitatu: tundu la katikati, upana wa nje na kimo. Duka litakwambia "zote sawa". Si kweli, na milimita moja inatosha kuloanisha mota. Safisha mhimili kwa msasa laini, kisha upitishe ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, raba mpya itavuja baada ya wiki chache. Mhimili nao ubadilishwe. Paka grisi ya silikoni isiyoyeyushwa na maji. Oili ya injini huvimbisha raba, tusiitumie kwa kuwa tu ipo karibu. Ukisharudisha pipa mimina lita mbili za maji, tandika karatasi juu ya mota, subiri nusu saa. Karatasi ikibaki kavu, funga bati.

Upande wa kufulia husumbua kidogo. Mota ikinguruma bila kuzunguka, na ukiisukuma kwa mkono inaondoka, hiyo ni kapasita. Weka ya mikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Ukiweka kubwa "ili iwe na nguvu" unaichemsha mota. Ikiwa bado imegoma, pima kwa mita ukinzani (omu) wa nyaya tatu za mota. Kwa kuwa inazunguka pande zote mbili, usomaji kutoka waya wa pamoja kwenda kila mmoja wa wale wawili lazima ulingane. Usipolingana, koili imeungua. Kusuka upya kunawezekana, ila uliza bei kwanza.

Kuna wanaosema wachukue tu za otomatiki za kisasa. Kwa nyumba nyingi za miamba ya Mabatini na Isamilo tunasita. Vavu ya kuingiza maji ya otomatiki kwa kawaida hutaka presha ya bar 0.5, na tenki lililo mita tatu juu ya mashine linatoa bar 0.3. Ya mapipa mawili unaijaza kwa ndoo.

Miamba hiyohiyo ndiyo inayofanya ethi kuwa kazi. Nondo ya ethi iliyogonga jiwe kwa sentimita 30 haijafika popote. Tafuta udongo wenye unyevu kati ya mawe, hata kama waya utakuwa mrefu, na ongeza breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Transfoma nyingi za madukani hazitenganishi umeme, kwa hiyo usizifanye kisingizio cha kuacha ethi.

Sabuni nayo. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayaachi chokaa ila yana povu jingi. Unga wa kufulia kwa mkono, vijiko viwili vya chakula kwa pipa la lita 30 vinatosha. Povu likizidi hupanda kwenye pipa la kukamulia na kulipunguzia mwendo.

Kwa wauzaji tuna ombi moja: acheni kukata ile plagi bapa na waya wa kijani. Mkiona ni lazima mbadilishe, andikeni VOLTI 100 kwa rangi nyekundu juu ya mfuniko, mahali ambapo mteja anaweka mkono.

Mafundi wa vifaa vya umeme,
Kirumba, Mwanza